Land Cruiser 80 ya manyuo kuitia giaboksi ya oto, nani kashawahi kufanya?

GotiBovu
Wakuu habari za mihangaiko. Nina Land Cruiser 80, ni HZJ80 ya mwaka 1994, injini 1HZ ile dizeli 4.2 isiyo na turbo, giaboksi manyuo (ya klachi na gia za mkono) ya gia tano. Nimekaa nayo miaka tisa, bodi haina kutu, difu zote mbili (gia za kwenye ekseli ya mbele na ya nyuma) nzima, yaani kuiuza hapana. Tatizo sio gari tatizo ni mimi, goti la kushoto limepasuliwa mara mbili na daktari keshasema nipunguze kukanyaga kanyaga. Barabarani navumilia ila tukiingia porini kwenye mawe na matope, klachi saa mbili tatu mfululizo, jioni nashuka kwenye gari nimeshikilia mlango kama mgonjwa.
Sasa nawaza nitoe manyuo niweke oto, ile inayobadilisha gia yenyewe bila klachi. Najua 80 zilitoka kiwandani na oto pia kwa injini hii hii kwahiyo sio kitu cha kubuni. Ninachotaka kujua ni vitu gani hasa vinabadilika, na je, kwa mtu anayepanda na kushuka milima ya mawe, nitajuta? Waliofanya tu tafadhali, sio waliosikia.

Kipanga_4.2
Mkuu mi nimefanya, gari kama yako kabisa, ina miaka minne sasa tangu nimalize. Inawezekana na ikikaa vizuri huwezi kujua kama ilizaliwa manyuo. Ila nikwambie kosa langu la kwanza ili usilirudie, nilinunua giaboksi peke yake. Bei ilikuwa nzuri, nikajiona mjanja, afu nikakaa miezi mitano gari ikiwa juu ya mawe natafuta kitu kimoja kimoja.
Tafuta gari zima la kuchinja, yaani la kutoa spea, 80 ya oto yenye 1HZ au hata ile yenye turbo 1HD-T, oto yake ni A442F. Giaboksi na transfa (kile kiboksi cha nyuma yake kinachogawa nguvu mbele na nyuma) uzichukue zikiwa zimefungana hivyo hivyo usizitenganishe, usije ukaanza kuoanisha meno ya shafti ya oto na transfa yako ya manyuo. Afu chukua konveta yake (inayokaa pahala pa klachi, inapitisha nguvu kwa oili), ile sahani nyembamba yenye meno inayokaa pahala pa flaiwili PAMOJA NA BOLITI ZAKE (za flaiwili ni ndefu, usizirudishe), krosimemba na mauntingi, propela zote mbili (shafti ndefu za kwenda kwenye difu), mabomba ya oili ya gia, rejeta, liva ya gia na konsoli yake, pedali pana ya breki, kebo ya kikidauni na bano lake pale kwenye pampu ya dizeli, kompyuta ya gia na nyaya zake zote bila kukata hata mmoja. Nyaya ndo watu wanazikata kwa mkasi ili wamalize haraka, usimruhusu fundi.
Propela usiseme zangu zipo nitazitumia. Giaboksi ikikaa, weka gari chini kwenye matairi yake ndo upime urefu wa propela.

Mzee wa Spana
Kijana pole na goti. Mimi nitakuwa mbishi kidogo. Kabla hujashusha giaboksi nzima ya watu, umekagua hiyo klachi yenyewe? Klachi ya 80 haitakiwi kuwa nzito kiasi cha kukuumiza. Presha pleti ikichoka inakuwa nzito, uma wa klachi ukikauka grisi unakuwa mzito, hosi ya klachi ikivimba kwa ndani pedali inakuwa ya ajabu ajabu, mara nzito mara hairudi. Nimeona mtu kabeba maumivu miaka kumbe ni uma umekauka.
La pili, hesabu. Gia ya kwanza ya manyuo yako ni 4.08, transfa ikiwa low (gia nzito za porini) ni 2.49, difu 4.1. Zidisha, tairi ikizunguka mara moja injini imezunguka mara 41 na kitu. Hiyo oto gia ya kwanza ni 2.95, zidisha vile vile unapata kama 30. Kwenye kushuka hiyo tofauti utaiona, na utaiona ukiwa umechelewa.

GotiBovu
Mzee shikamoo. Klachi nilibadilisha seti nzima mwaka jana, na silinda zake zote mbili, ya juu na ya chini. Ni laini. Goti ndo limekufa tu.
Ila hiyo hesabu imenitisha kiukweli. Kwahiyo kupanda pia nitakuwa dhaifu?

Dada Transfa
Hapana kaka, kupanda ni hadithi nyingine na hapa ndo watu wengi wanachanganya. Konveta sio klachi ya oili tu, ukiwa umesimama au unatambaa polepole injini ikivuta, konveta yenyewe inazidisha nguvu, karibu mara mbili pale mwanzo kabisa kabla gari haijaondoka. Kwahiyo ile 30 kwenye kupanda inafanya kazi kama zaidi ya 50. Mi naendesha oto kwenye mawe mwaka wa sita, unapanda jiwe kwa kidole gumba cha mguu, unasimama katikati ya jiwe, unafikiri, unaendelea. Na manyuo pale ndo unanuka klachi.
Kushuka sasa Mzee yuko sahihi mia kwa mia. Konveta haizidishi kitu kurudi nyuma, tairi ndo zinasukuma injini na konveta inateleza, breki ya injini inabaki kidogo. Na 1HZ ni dizeli isiyo na bomba la kubana hewa kama petroli, inashikilia kwa kubana pumzi tu. Nilivyozoea mimi: low, liva kwenye L (gia ya chini kabisa) kabla hujaanza kushuka sio katikati, difu ya kati umefunga, afu mguu wa kushoto (samahani, kwako wa kulia) unagusa breki kidogo muda wote kwa upole. Sio kukanyaga na kuachia, kugusa tu. Wiki mbili za kwanza utaogopa. Mimi nilitoka jasho kwenye mteremko ambao na manyuo nilikuwa nashuka huku nakula karanga.
Kitu kingine, gia ya kwanza 2.95 na ya pili 1.53, hapo katikati kuna shimo. Kwenye tope zito ikipanda ya pili, 1HZ yako bila turbo inalala. Jifunze kuishika kwenye L au 2 wewe mwenyewe usiiache D ijiamulie. Kuna na kitufe cha kuondokea gia ya pili, hicho ni kwa utelezi, kizuri sana, hakikisha unakitoa kwenye gari ya kuchinja na nyaya zake.

mchanga_tu
mimi nangoja mtu aongelee joto maana hakuna anayeongelea joto

Kipanga_4.2
@mchanga_tu haya nimekuja, maana yangu ya kwanza niliiunguza.
Oto inakufa kwa joto. Ukiwa kwenye mchanga au tope unatambaa, konveta haijafunga loki yake (inayoizuia isiteleze), inateleza muda wote na kule kuteleza kote kunageuka joto linaloingia kwenye oili. Oili ikikaa kwenye 80 hivi za sentigredi inaishi miaka, ikivuka 120 inaanza kuungua, inageuka kahawia na kunuka kama mkate ulioungua, na hapo sahani za ndani nazo zinaondoka. Rejeta ya oto ina kipoza oili ndani ya tanki lake la chini, ndo maana nikasema chukua rejeta. Ila mimi ningekuwa wewe naongeza na kipoza kingine cha nje mbele ya rejeta, oili ipite kwenye rejeta kwanza afu cha nje afu irudi kwenye gia. Na sensa ya joto na geji yake ndani, ukiiona inapanda unasimama, unaweka P, injini inaendelea kuzunguka, unasubiri. USIZIME, ukizima pampu ya gia inasimama na oili ya moto inakaa pale pale ndani ya konveta.
Oili yenyewe Dexron. Kupima kiwango ni gari ya moto, iko pahala pa usawa, injini inazunguka, umepitisha liva gia zote taratibu ukarudi P. Mtu akikupimia injini imezimwa mnyang'anye kijiti cha oili.

Mzee wa Spana
Na konveta. Hapa nawaomba mnisikilize maana nimeshaona pampu tatu zimevunjwa kwa njia moja. Konveta inaingia kwenye giaboksi kwa hatua, unaisukuma huku unaizungusha, inaingia kidogo, unazungusha tena, inadondoka tok, tena tok, mpaka masikio yake yakae kwenye pampu. Wengi wanaishia tok ya kwanza wanaona imeshakaa. Wanasogeza giaboksi kwenye injini, inabaki nafasi ya kidole, wanasema tutavuta kwa boliti. Ukivuta kwa boliti unavunja pampu, gari inawaka na haiendi popote, mbele wala nyuma.
Utajuaje imekaa? Belihauzi ifike kwenye injini kwa mkono tu, boliti hazijakazwa, na konveta bado unaweza kuizungusha kwa vidole na kuna kanafasi kati yake na ile sahani. Ndo sasa unaivuta kwenye sahani na boliti zake. Kama haizunguki, TOA UANZE UPYA hata kama ni saa tano usiku.
Na kile kiberingi kidogo nyuma ya krenkishafti kilichokuwa kinashika ncha ya shafti ya manyuo, kitoe. Kitovu cha konveta ndo kinakaa pale.

Waya Mwekundu
Mi ni wa umeme, nitaongea ya kwangu tu. Swichi ya pembeni ya giaboksi ya oto ndo inayoambia stata ni ruhusa kuwasha au la. Inatakiwa ikae kwenye mstari wa relei ya stata, gari iwake ikiwa P au N basi. Watu wanaona uvivu wanaunga moja kwa moja "itanikumbusha mwenyewe". Nilishawahi kuitiwa gari iliyoruka mbele ikatoboa ukuta wa gereji kwasababu liva ilikuwa D na mtu kawasha akiwa amesimama nje dirishani. Bahati mbele hakukuwa na mtu. Swichi hiyo hiyo ndo inabeba na taa za rivasi, na kwenye manyuo swichi ya rivasi ilikuwa kwenye giaboksi uliyotoa, kwahiyo usishangae taa zimekufa.
Kompyuta ya gia inataka kujua spidi ya gari na mguu wa mafuta uko wapi, ndo iamue ovadraivi (gia ya juu kabisa) na loki ya konveta. Kwahiyo pampu yako ya dizeli angalia kama ina pa kufungia sensa kama ile ya gari ya kuchinja. Ukikosa hiyo gari itatembea, ila loki haitafanya kazi vizuri na joto la Kipanga litakufuata mpaka barabarani.

Kipanga_4.2
Naongezea kwenye kebo ya kikidauni, maana nimesema ichukue sijasema kwanini. Ile kebo sio ya kushusha gia tu, ndo inayoiambia giaboksi ipandishe presha ya oili kiasi gani unapokanyaga. Ikilegea presha inakuwa ndogo, gia zinapanda mapema na kwa ulaini, mtu anafurahi anasema oto yangu laini kama siagi kumbe sahani zinateleza zinaungua. Ikikazwa sana inagonga kila ikibadilisha. Irekebishe mafuta yakiwa yamekanyagwa mpaka mwisho na mtu wa pili ndani ya gari, usikadirie kwa macho.

mchanga_tu
na kusukuma ikigoma kuwaka sahau mkuu, oto haiwaki kwa kusukuma. beba betri ya pili. ukivutwa transfa iwe N la sivyo giaboksi inazunguka bila pampu na inajikausha

GotiBovu
Wakuu sina la kusema, mmenimalizia maswali ambayo hata sikujua kama ninayo. Nimesoma yote mara mbili mke wangu akaniuliza kama kuna mtu kafa.
Uamuzi: naenda nayo, ila sishushi kitu mpaka gari ya kuchinja iwe imesimama nyumbani kwangu, inawaka na inatembea, niiendeshe kwanza nione inavyobadilisha gia na ninuse kijiti cha oili. Kuna moja nimeonyeshwa, 80 ya oto imegongwa nyuma, mbele yote nzima, ila ni ya 1HD-T.
Mzee hapo nakuuliza wewe. Giaboksi ya yenye turbo, gia zake zimepangwa kubadilisha kulingana na injini yenye nguvu. Kwenye 1HZ yangu si itachelewa kupandisha?

Mzee wa Spana
Marahaba, nilisahau kuitikia. Kebo ndo itakayokusaidia kidogo hapo, na ukiona bado inachelewa lete hapa tutazungumza gavana, kile kifaa cha ndani ya giaboksi kinachofuata spidi ya gari. Ila ngoja nikuulize mimi. Gari imegongwa nyuma, 1HD-T nzima ipo mbele, imeunganishwa na giaboksi yake, konveta yake, kompyuta yake na rejeta yake. Na wewe unataka uifungue injini hiyo uiache pale chini uchukue giaboksi peke yake?

GotiBovu
Mzee usinifanyie hivyo, mke wangu anasoma hapa.