Naomba ushauri: mapumziko ya ukoo ufukweni, Mikindani au Msimbati?

Mjukuu wa Lindi:
Habari za leo, ndugu zangu wa kusini. Katika likizo ya Juni tunakusudia kukodi nyumba karibu na bahari tukae pamoja siku chache: bibi yetu ambaye magoti yanamsumbua, mama na shangazi zangu, kaka zangu na wake zao, watoto wa rika zote, pamoja na jamaa zetu wa Masasi ambao siku hizi tunaonana nao misibani na harusini tu. Baadhi yetu wanataka Msimbati, wengine Mikindani. Naomba pia mnieleze namna ya kupanga mambo ya jikoni, kwa maana kila tunapokusanyika ni mama na shangazi hao hao wanaoshinda kwenye moshi ilhali sisi tumekaa mkekani, na jambo hilo linaniumiza.

Mkazi wa Shangani:
Kwa kuwa mna mtu mzima mwenye magoti mabovu, mimi ningechagua Mikindani. Iko kandokando ya barabara kuu ya kutoka Lindi, takribani kilomita 10 kabla ya kufika Mtwara mjini, na hospitali haiko mbali. Ghuba yake imekingwa, hivyo hata kusi inapovuma mwezi wa Juni maji hayachafuki kama ya bahari ya wazi. Tafuteni nyumba iliyo chini karibu na maji, msipande kilimani kwenye boma la Wajerumani, ingawa vijana wanaweza kwenda kulitazama. Msimbati nendeni kwa siku moja tu. Eneo hilo limo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyoanzishwa mwaka 2000, kwa hiyo kuna kiingilio cha kulipa, na watoto waelezwe mapema kwamba matumbawe hayakanyagwi wala hayachukuliwi.

Nahodha Mstaafu:
Angalieni mwezi kabla ya kupanga tarehe. Siku za bamvua, mwezi unapoandama au unapokuwa mpevu, maji ya pwani yetu hupwa sana kwenye saa nne asubuhi na kujaa kwenye saa kumi alasiri, na Mikindani yakishapwa hubaki tope na mchanga mahali pakubwa. Watoto waogelee alasiri maji yanapojaa, na asiyejua kuogelea asiingie bila mtu mzima kando yake.

Mama wa Nachingwea:
Mwanangu, umeuliza jambo la maana kuliko mengine yote. Kumwambia mama yako apumzike hakutoshi, kwa sababu akiona sufuria haijainjikwa atainuka mwenyewe. Zungumzeni na mama lishe wa hapo hapo mumlipe kwa ajili ya chakula cha mchana, kisha chakula cha jioni kiwe zamu ya wanaume: wao wakanunue samaki, wawaparue, wakune nazi na kuosha vyombo. Asubuhi chai na mihogo ya kuchemsha inatosha kabisa. Kuhusu mchango, msiwabane jamaa wa Masasi, kwani minada ya korosho huanza Oktoba na mwezi Juni mkulima hana fedha mkononi. Waleteni na unga wa muhogo, karanga na kuku wao, na vihesabiwe kuwa mchango kamili, tena mbele ya watu wote, ili asiwepo atakayejiona mgeni wa kulishwa.

Mjukuu wa Lindi:
Shikamoo mama, na asanteni nyote. Nimewasomea nyumbani, na shangazi mkubwa amekubali kuhusu mama lishe kwa sharti kwamba pweza ampike yeye. Je, nimkatalie?

Mama wa Nachingwea:
Marahaba. Usimkatalie, mwache ampike siku moja aliyoichagua mwenyewe, lakini kumponda na kumsafisha huyo pweza iwe kazi yenu ninyi vijana. Chandarua cha bibi msikisahau.