Kinubi cha kale cha makumbusho: kipigwe au kiachwe kimya?

Mpenda_Nyuzi: Wadau, vile vinubi vya pedali (unakanyaga kwa mguu kubadilisha sauti za nyuzi) vya zamani vya mafundi akina Naderman wa Paris na Érard, nguzo imepakwa dhahabu ubao umechorwa maua, vimefungiwa kwenye vioo vya makumbusho huko Ulaya na Marekani. Vitiwe nyuzi vipigwe au? Mi nasema vipigwe, chombo kisicholia ni kabati tu.

Seremala_Mstaafu: Kabati halivutwi na nyuzi 43. Kinubi cha Érard ukishakaza nyuzi zinavuta ubao juu usiku na mchana, na ubao wenyewe mwembamba una miaka 200, utafura tumbo, shingo itapinda, gundi itaachia. Utalipa wewe?

Mpenda_Nyuzi: Nilipe kwani changu? Si wanaweka nyuzi nyepesi wanalegeza kidogo.

BintiPangani: Hiyo "kabati tu" imeniudhi. Unaijua kazi ya kuchora ule ubao? Marie Antoinette mwenyewe, malkia wa Ufaransa, alikuwa anapiga, huko Vendôme Ufaransa wanacho kimoja kinachosemwa ni chake. Wengine tunaenda kutazama, si kusikiliza. Na pedali nasikia alivumbua huyo huyo Naderman.

Seremala_Mstaafu: Hapana dada. Pedali ni za Bavaria, Ujerumani, za fundi Hochbrucker, mwanzoni mwa karne ya 18. Érard aliyakimbia mapinduzi ya Ufaransa akaenda London, 1810 akafanya kila pedali ikanyagwe hatua mbili, ziko saba, ndo ukaweza kupiga kwa funguo zote za muziki.

Omogaka: Ya malkia mnayajua!! Nyatiti ya Waluo ndo kinubi cha kweli na haina pedali hata moja

JaSiaya: Nyatiti si kinubi bana, na kwa jina hilo we Mkisii, yako ni obokano. Nyatiti ina mikono miwili na mti wa kukatiza juu, nyuzi zinalala juu ya ngozi. Za kinubi zinauinukia ubao. Ukitaka kinubi vuka uende Uganda, kuna ennanga.

Omogaka: Biblia inasema Daudi alishika kinubi akakipiga, na chombo cha Daudi kilikuwa na mikono miwili kama nyatiti. Kwa hiyo Biblia imekosea?

JaSiaya: Biblia haijakosea, mfasiri alitumia neno alilokuwa nalo. Usinitie kwenye dhambi asubuhi yote hii

MwanaMengo: Ennanga ilikuwa ya ikulu ya Kabaka, mfalme wa Buganda. 1966 jeshi lilipovamia ikulu hiyo ya Mengo wanamuziki wa ikulu wakatawanyika kila mtu na lake. Nyie mnalilia dhahabu ya Paris.

BintiPangani: Pole kaka, ila nani kalilia dhahabu hapa? Nimesema michoro.

Seremala_Mstaafu: Tengenezeni nakala mpige hiyo, cha zamani kipumzike.

Mpenda_Nyuzi: Nakala italia kama nakala mzee wangu.

Omogaka: JaSiaya bado nasubiri la Daudi