Gemu za PS2 zinakwamakwama kutoka kwenye flashi: tatizo ni flashi au ni mashine yenyewe?

Kijana_wa_Arua

Salaam wakubwa kwa wadogo. Nina PlayStation 2 ile nyembamba, namba iliyoandikwa chini yake ni SCPH-77004, niliyoachiwa na kaka yangu alipohamia Kampala. Diski zake halisi tunazo bado, zimo kwenye sanduku, lakini jicho la kusomea limechoka: diski ikiingia huzunguka, husita, huzunguka tena, halafu mashine hukataa kuitambua. Kwa hiyo nilizinakili diski zetu kwenye kompyuta ya rafiki yangu kwa programu ya ImgBurn, nikapata memori kadi yenye FreeMcBoot, programu inayoiwezesha mashine kuwasha programu nyingine kutoka kwenye kadi, na sasa nacheza nakala hizo kutoka kwenye flashi kwa kutumia mojawapo ya programu hizo, Open PS2 Loader.

Kucheza nacheza, ila kuna mambo yananisumbua. Katika Pro Evolution Soccer 6 mechi inakwenda vizuri kabisa, lakini mtangazaji anachelewa kiasi kwamba bao linafungwa, wachezaji wanarudi katikati ya uwanja, ndipo analitaja. Video za mwanzo za gemu nyingi zinakatikakatika. Gemu nyingine haifunguki kabisa, inatoa ujumbe kwamba faili limegawanyika vipande. Na God of War II imekataa hata kunakiliwa kwenye flashi, ingawa nafasi iliyobaki ni kubwa kuliko gemu hiyo.

Muuzaji wa duka moja hapa mjini aliniambia ninunue flashi ya USB 3.0, kwamba kila kitu kitatengemaa. Nimeinunua, na sioni tofauti yoyote. Naomba mwenye ujuzi anieleze shida iko wapi hasa, na kama kuna njia ya kuiondoa bila kununua mashine nyingine.

Fundi_wa_Busia

Ndugu yangu wa Arua, karibu sana. Maelezo yako yenyewe yamebeba nusu ya jibu: umebadilisha flashi na hali imebaki ileile, basi flashi haina hatia. Kikwazo ni tundu. PlayStation 2 ilianza kuuzwa Japani Machi 2000, na matundu yake mawili ya USB ni ya kizazi cha 1.1, ambacho kikomo chake ni megabiti 12 kwa sekunde. Ukizigeuza kuwa megabaiti unapata 1.5, na hiyo ni hesabu ya kwenye karatasi. Kinachoifikia gemu kwa kweli ni pungufu ya hapo. Kisomeo cha diski cha mashine hiyohiyo husoma DVD kwa mwendo wa mara 4, yaani zaidi ya megabaiti 5 kwa sekunde, na waliotengeneza gemu walipanga video na sauti zao wakitegemea mwendo huo. Flashi ya USB 3.0, hata iwe ya bei gani, ikichomekwa hapo hulazimika kushuka hadi kwenye mwendo wa tundu, kama pipa la maji linalomiminwa kupitia mrija wa soda.

Hapo utaelewa kwa nini mechi inachezeka na mtangazaji anachelewa. Uwanja, wachezaji na mwendo wao hupakiwa kwenye kumbukumbu ya mashine, ile ya megabaiti 32, kabla kipenga hakijapulizwa, kwa hiyo wakati wa mchezo hakuna haja kubwa ya kurudi kwenye flashi. Maneno ya mtangazaji ni mengi mno kuingia humo, hivyo kila sentensi yake husomwa papo hapo kulingana na linalotokea uwanjani, na tundu likielemewa sauti yake ndiyo hungoja. Video nazo ni vivyo hivyo. Hakuna mpangilio wowote ndani ya programu utakaoongeza mwendo wa tundu lenyewe, na anayekuahidi hilo anakupotezea muda.

Ujumbe wa faili kugawanyika ni jambo jingine kabisa, na hilo linatibika leo hii. Gemu ikianza, Open PS2 Loader hulazimika kujibana kwenye kumbukumbu ya prosesa ndogo inayoshughulikia vifaa vya pembeni, ambayo jumla yake ni megabaiti 2 tu na gemu yenyewe inazitaka pia. Kwa ufinyu huo haiwezi kubeba ramani ndefu ya mahali kila kipande cha faili kilipo. Inachofanya ni kukumbuka faili linapoanzia, kisha kusoma mfululizo. Kama kompyuta ililiandika nusu hapa na nusu kule, kwa sababu ulifuta gemu ya zamani katikati ukaweka kubwa zaidi mahali pake, usomaji unapotea njia. Matoleo mapya huvumilia vipande vichache, lakini usiyategemee kwa hilo. Dawa yake ni kuhamishia kila kitu kwenye kompyuta, kuifomati flashi upya, kisha kurudisha gemu moja baada ya nyingine, ukingoja ya kwanza imalizike kabla ya kuanza ya pili. Ukinakili mbili kwa pamoja, zitaandikwa zikiwa zimechanganyikana na utarudi palepale. Na ukishaijaza hivyo, usifute gemu moja moja. Ukitaka kubadilisha, anza upya.

Kuhusu God of War II, flashi yako imefomatiwa kwa FAT32, yaani mfumo wa kupanga mafaili, na mfumo huo haupokei faili moja linalofika gigabaiti 4, hata kama nafasi tupu ni mara kumi ya hiyo. Gemu ile ilitolewa kwenye DVD ya tabaka mbili, kwa hiyo nakala yake inapita kikomo hicho kwa mbali. Programu iitwayo USBUtil, inayotumika kwenye Windows, huikata vipande vya gigabaiti 1 ambavyo majina yake huanza na herufi ul, na huandika pia faili dogo la ul.cfg linaloorodhesha gemu zilizokatwa. Vipande hivyo pamoja na ul.cfg hukaa nje, kwenye mzizi wa flashi, wala si ndani ya folda ya DVD. Kila kipande nacho lazima kiwe kimeandikwa mfululizo, kwa hiyo lile sharti la kunakili kimoja kimoja linabaki palepale. Itafunguka, lakini kwa kupitia USB utaona inasitasita kwenye video na katika sehemu zenye msukosuko mwingi.

Bi_Mbale

Naunga mkono aliyosema kaka Fundi, na naongeza mawili ambayo watu wengi hukwama nayo.

La kwanza, tazama rangi ya upande wa chini wa diski unayonakili. Ya fedha ni DVD, na nakala yake inakwenda kwenye folda ya DVD. Yenye rangi ya buluu ni CD; ImgBurn huitolea mafaili mawili, la BIN na la CUE, na hilo la BIN halitasomeka mpaka uligeuze kuwa ISO, yaani faili moja lenye nakala nzima ya diski, na kuliweka kwenye folda ya CD. Majina ya folda hizo mbili yaandikwe kwa herufi kubwa.

La pili, flashi kubwa za siku hizi hutoka dukani zikiwa na exFAT, mfumo mwingine wa kupanga mafaili. Matoleo mapya ya Open PS2 Loader yanaisoma, lakini matoleo ya zamani, ambayo ndiyo mara nyingi yamo ndani ya memori kadi zinazouzwa tayari, hayaioni kabisa. Zana ya kawaida ya Windows kwa miaka mingi imekataa kufomati FAT32 kwenye flashi inayozidi gigabaiti 32, hivyo utahitaji programu nyingine ndogo ya kufomati. Hakikisha pia kwamba jedwali la sehemu, yaani orodha ya namna flashi ilivyogawanywa, ni la aina ya MBR na si GPT.

Kama kuna gemu inayoganda baada ya nembo ya mwanzo, ingia kwenye mipangilio ya gemu hiyo peke yake ujaribu hali namba 1, inayoiga usomaji wa diski kwa uangalifu zaidi. Gemu kadhaa zinazodhaniwa kuwa mbovu huamka hapo.

Mzee_wa_Bombo

Wanangu, mmeeleza vyema, lakini kijana ameuliza kama kuna njia ya kuliondoa tatizo, na njia ipo nyuma ya mashine yake. PS2 nyembamba ina tundu la waya wa mtandao la megabiti 100 kwa sekunde, lililowekwa na kiwanda, na Open PS2 Loader inaweza kusoma gemu kupitia hapo kutoka kwenye folda ya kompyuta. Hakuna haja ya bando wala ya rauta. Waya mmoja kutoka kwenye laptopu hadi kwenye mashine unatosha, kwa kuwa kadi za mtandao za kompyuta za kisasa hujipanga zenyewe bila kuhitaji waya wa kupishanisha.

Kwenye laptopu tengeneza folda, ndani yake weka folda ya DVD na ya CD, kisha ishiriki kwa mtandao. Laptopu ipe anwani 192.168.0.2 na mashine ipe 192.168.0.10, zote kwa mkono. Katika mipangilio ya mtandao ya Open PS2 Loader andika anwani ya laptopu na jina la folda uliyoishiriki, herufi kwa herufi. Hapa faili la ISO la God of War II litakaa zima bila kukatwa, kwa sababu diski ya kompyuta inatumia mfumo wa NTFS usio na kikomo kile cha FAT32, na suala la vipande nalo linaisha, kwani kompyuta ndiyo inayotafuta data na kuituma. Mtangazaji wako ataanza kusema kwa wakati.

Jambo moja nalisisitiza kwa uzito. Mashine hii huzungumza na kompyuta kwa lugha ya zamani ya SMB toleo la 1, ambayo Windows 10 na 11 huja zikiwa zimeizima, na wana sababu: virusi vya WannaCry mwaka 2017 vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu uliokuwa humo. Ukiiwasha, iwashe kwenye laptopu ambayo wakati huo haijaunganishwa na intaneti, na uizime ukimaliza kucheza. Mwenye kompyuta ya zamani isiyo na kazi aiweke mfumo wa Linux na Samba, programu ya kushiriki mafaili kwa lugha hiyo ya SMB, imtumikie hiyo tu.

Kama laptopu si yako na huwezi kuiomba kila siku, kuna kifaa kidogo kiitwacho MX4SIO, kinachoingia kwenye nafasi ya pili ya memori kadi na kubeba kadi ya microSD. Kasi yake inaizidi ya USB kiasi, ingawa haiufikii waya wa mtandao. Mafundi wa elektroniki wenye mkono mzuri wanaweza hata kukiunda wenyewe, maana ndani yake ni nyaya chache tu za kuunganisha miguu ya kadi.

Kijana_wa_Arua

Nawashukuru sana, Mzee, Bi Mbale na kaka Fundi. Nimeifomati flashi na kurudisha gemu moja moja, na ile iliyokuwa ikikataa imefunguka mara ya kwanza. Waya wa mtandao nitauazima kazini Jumamosi.

Nabaki na maswali mawili. Memori kadi yangu ya megabaiti 8 imekaribia kujaa kwa sababu FreeMcBoot nayo imo humo. Je, naweza kuhifadhi maendeleo ya gemu kwenye flashi? Na jirani yangu mwenye kibanda cha kuonyeshea mpira ananiomba nimpe nakala za gemu zangu zote ili watoto wachezee kwake kwa malipo. Nimekuwa nikisita.

Bi_Mbale

Endelea kusita, kaka. Nakala ulizozitoa kwenye diski zako mwenyewe, kwa ajili ya kucheza nyumbani kwa kuwa jicho la mashine limechoka, ni jambo moja. Kuzigawa kwa mtu anayezitoza fedha ni jambo jingine kabisa. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya Uganda ya mwaka 2006 inazilinda programu za kompyuta kama inavyovilinda vitabu na muziki, na miongoni mwa mambo yanayopimwa katika matumizi ya haki ni kama matumizi hayo ni ya biashara au la. Mwambie jirani anunue mashine na diski zake, wewe umsaidie kumwonyesha namna ya kuzitunza.

Fundi_wa_Busia

Kuhusu nafasi, ndiyo, inawezekana. Open PS2 Loader hutengeneza memori kadi ya kuigiza ndani ya folda ya VMC kwenye flashi, na unaweza kuipa kila gemu ya kwake. Itengeneze mara tu baada ya kurudisha gemu zote, kabla hujagusa kitu kingine, kwa sababu nayo lazima iandikwe mfululizo. Si kila gemu inaelewana nayo, kwa hiyo hifadhi kwanza, zima mashine, washa, uhakikishe maendeleo yamo ndipo uendelee. Ukiona gemu inaganda wakati wa kuhifadhi, irudishe kwenye kadi ya kweli.

Na kwa kuwa umeme wetu tunaujua, usihifadhi wala kuandika chochote kwenye kadi yenye FreeMcBoot wakati mita ya Yaka, ile ya umeme wa kulipia kabla, imeanza kulia. Nakili maudhui ya kadi hiyo kwa wLaunchELF, programu ya kusimamia mafaili ndani ya PS2, kwenye kadi ya pili ukiwa nayo, na FreeMcBoot yenyewe isakinishe upya humo kwa kisakinishi chake, maana faili lake la kuwashia hufungwa kwa kadi moja na halifanyi kazi likihamishwa kwa kunakili tu.