Mjadala: Waisraeli waliovuka jangwa walikuwa laki sita kweli?

Ndugu zangu, mjadala wetu kuhusu safari ya Waisraeli kutoka Misri umegawanyika pande mbili. Wa kwanza wanasema kwamba anayetilia shaka wanaume laki sita wa Kutoka 12:37 ameikana Biblia yote. Wa pili wanajibu kwamba umati huo ungekaa jangwani miaka 40 ungeacha mabaki tele, na kwa kuwa wachimbaji wa mambo ya kale hawajayapata huko Sinai, basi safari yenyewe haikuwapo. Naona pande zote mbili zinaegemea tarakimu ileile, na ndiyo ninayoomba tuichunguze kwa kutumia maandiko yenyewe.

Hesabu 1:46 inataja wanaume 603,550 wenye umri wa miaka 20 na zaidi, na ukiongeza wanawake na watoto unakaribia watu milioni mbili. Sasa fungueni Hesabu 3:43, ambapo wazaliwa wa kwanza wa kiume, kuanzia mtoto wa mwezi mmoja, ni 22,273 tu. Gawanyeni: kila mzaliwa wa kwanza anaangukiwa na wanaume wazima 27, kabla hatujawahesabu wavulana. Ni mama gani huyo? Tena Kutoka 1:15 inawataja wakunga wawili, Shifra na Pua, na kule Elimu, kituo cha jangwani, taifa zima lilipiga kambi penye chemchemi 12 na mitende 70. Zaidi ya hayo, Kutoka 23:29-30 inasema wenyeji wa Kanaani wataondolewa kidogo kidogo, wanyama wa mwituni wasije wakawazidi Waisraeli kabla hawajaongezeka, na Kumbukumbu la Torati 7:7 inawaita wachache kuliko mataifa yote.

Hapa lugha yetu ina la kusema. Neno la Kiebrania lililotafsiriwa kuwa elfu ni elef, ndugu wa alf ya Kiarabu, ambayo ndiyo iliyotupa sisi elfu. Lakini katika Waamuzi 6:15, Gideoni anapolalamika kwamba jamaa yake ni dhaifu katika Manase, neno analolitumia kwa jamaa ni elef hilohilo. Ndiyo maana mwaka 1906 mchimbaji wa mambo ya kale Flinders Petrie, aliyekuwa amekwisha kuchimbua jiwe la Farao Merneptah linalotaja Israeli, alipendekeza kwamba 46,500 wa Reubeni wasomwe kuwa hema 46, yaani jamaa 46, zenye jumla ya watu 500. Makabila yote 12 yakisomwa hivyo, tunapata hema 598 na watu 5,550, kundi ambalo lingeweza kupita jangwani bila kuacha alama za kudumu.

Nilivutiwa sana na hoja hiyo, na bado naamini iko karibu na ukweli kuliko laki sita. Hata hivyo, haki inanilazimu kutaja kizuizi chake kikubwa. Kutoka 38:25-26 inasema kila mwanamume aliyehesabiwa alitoa nusu shekeli, na fedha yote ikawa talanta 100 na shekeli 1,775. Talanta moja ni shekeli 3,000, hivyo jumla ni shekeli 301,775, yaani nusu kamili ya 603,550. Aliyeandika aya hiyo alielewa elef kuwa elfu, bila utata wowote. Kwa hiyo siwezi kusema kwamba maandiko kama tulivyoyapokea yanahesabu hema. Ninaloweza kusema ni kwamba huenda chini yake kuna orodha ya kale zaidi, ambayo mwandishi wa baadaye aliijumlisha kwa maana ya neno iliyozoeleka zama zake.

Wanaotetea laki sita nawaomba waanze na wale wazaliwa wa kwanza 22,273. Wanaotetea hema pamoja nami watusaidie na zile talanta 100: ziliingiaje katika simulizi, na lini?