Naomba ushauri: salamu za Kifaransa zimeniletea kasheshe darasani

Wakuu, shikamooni. Nafundisha Kifaransa sekondari hapa Moshi. Sarufi inakwenda, shida ni utamaduni. Juzi tuliigiza salamu za Paris, zile za kugusanisha mashavu na kubusu hewa. Darasa zima vicheko, wasichana wakagoma, na jioni mzazi kanipigia simu eti nafundisha uhuni!

Kitabu chenyewe ni jibini na sherehe za 14 Julai (sikukuu ya taifa ya Ufaransa) tu, wakati Kifaransa kipo hapo jirani Burundi na Kongo. Nawaza kuanza na maisha ya Kinshasa, hata rumba (ingawa nyingi ni Kilingala). Mkuu wa idara anasema mtihani hauulizi hayo.

Mlio kwenye fani, mnafanyaje? Na huyo mzazi nimjibu nini?