Divine alikuwa nani nje ya jukwaa?
Swali: Ndugu zangu, naomba kufahamishwa jinsi Harris Glenn Milstead, aliyezaliwa Baltimore mwaka 1945, alivyotoka kwenye ususi hadi kuwa Divine, mwigizaji maarufu aliyeigiza akiwa amevaa kike, na kama alivaa kike kila siku.

Jibu: Hapana, ndugu, gauni na wigi vilikuwa mavazi yake ya kazi. Jina alipewa na rafiki yake John Waters, mwongozaji wa filamu, naye mpambaji Van Smith alimnyoa nywele za mbele ili apate nafasi ya kuchora nyusi juu kabisa ya paji la uso.

Jibu: Katika filamu ya Hairspray aliigiza mama na pia mwanamume. Inaniuma sana kwamba alifariki usingizini tarehe 7 Machi 1988, akiwa na miaka 42, wiki chache tu baada ya filamu hiyo kutoka.