Python, `script`, `socat` au `rlwrap`: ipi inaifanya sheli ya mbali kuwa terminali kamili?

Mwanagenzi
Wadau, salaam. Katika mashine ya mazoezi niliyoijenga mwenyewe nimepata sheli (programu inayopokea amri) kupitia netcat, programu ya kupitisha data mtandaoni, lakini ni ya nusunusu: `su`, amri ya kubadili mtumiaji, inakataa ikidai iendeshwe kwenye terminali, mshale wa juu unaandika `^[[A` badala ya kurudisha amri iliyopita, na jana nilipobonyeza Ctrl+C ili kusimamisha `ping`, nilikata muunganisho wote. Ninyi huanza na njia ipi?

Kipanga
Ndugu, mimi huanza na Python, kwa kuwa seva nyingi za Linux huwa nayo: `python3 -c 'import pty; pty.spawn("/bin/bash")'`. Wengi huishia hapo wakadhani wamemaliza, ilhali terminali yao wenyewe bado inazinasa Ctrl+C na wenzake kabla hazijavuka kwenda upande wa pili. Bonyeza Ctrl+Z, andika `stty raw -echo; fg` (`stty` hurekebisha terminali, `fg` hukurudisha kwenye sheli ya mbali) katika mstari mmoja, hasa ukitumia sheli ya zsh, kisha ukisharudi ndani weka `export TERM=xterm`.

Mama Seva
Mahali pasipo na Python, na kwenye kontena mara nyingi haipo, `script -qc /bin/bash /dev/null` hukupa pty (terminali bandia) vilevile, na hatua za `stty` hazibadiliki. `rlwrap` mimi ningeitoa kwenye ulinganisho huu: inatunza historia ya amri upande wako tu, haiundi terminali yoyote kule, kwa hiyo `su` itaendelea kukataa.

Nahodha
Kwa utulivu, `socat`, programu ya kuunganisha mikondo ya data kama netcat, inawashinda wote, ila sharti iwepo pande zote mbili. Kuipakia kwenye seva ya mteja unayemkagulia usalama ni kuacha faili ambalo utalazimika kulitaja kwenye ripoti na kulifuta, na pengine makubaliano yenu hayaruhusu. Ukiwa tayari umepata nywila halali, SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali) inakuondolea taabu yote hii.

Mwanagenzi
Nimefuata njia ya Kipanga na `su` imekubali. Hata hivyo, `vim` inajibana kwenye mistari 24 ingawa dirisha langu ni kubwa.

Kipanga
Fungua dirisha jingine la ukubwa uleule, soma `stty size`, kisha ndani ya sheli uandike namba hizo, kwa mfano `stty rows 50 columns 180`. Utakapotoka, terminali yako ikiacha kuonyesha unachoandika, andika `reset` hivyo hivyo bila kuona.